Seiko 5 ya Zamani: Namna ya Kuikagua Kabla Hujatoa Pesa

"Nimepata Seiko 5 ya zamani, mwenye nayo anaapa ni orijino, nichukue?" Swali hili haliishi, na picha inayokuja nalo huwa moja tu, imepigwa kwa mbali chini ya taa ya njano. Kwa picha kama hiyo hakuna wa kukujibu. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuiuliza saa yenyewe.

Tumechagua Seiko otomatiki za miaka ya 1960 hadi 1980 kwa sababu ndizo ambazo mnunuzi wa kwanza hukutana nazo zaidi: kwenye kabati la kioo la fundi saa, kwenye droo ya babu, na siku hizi kwenye matangazo ya simu. Isitoshe, Seiko huacha alama nyingi kwenye saa zake, kwa hiyo uongo hukamatika kwa urahisi kuliko kwenye chapa nyingine nyingi za umri huo.

Jambo la kushika tangu mwanzo: mashine iliyochoka hutengenezwa, uso ulioharibiwa haurudi. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Huiweka saa sikioni, wakisikia inapiga wanafungua pochi. Ukipewa saa mbili, moja imesimama lakini uso wake ni wa kiwandani, nyingine inakwenda vizuri lakini uso umepakwa rangi upya, chukua iliyosimama.

Maneno tutakayotumia

Uso ni ile sahani yenye namba na jina. Mishale ni akrabu: wa saa, wa dakika na wa sekunde. Bodi ni chuma kinachobeba vyote. Kifundo ni kile cha pembeni unachovuta kurekebisha majira. Mfuniko ni wa nyuma. Mashine ni vyote vilivyo ndani, na rota ni ule uzani wa nusu duara unaozunguka mkono unapotembea na kuijaza saa nguvu.

Halafu hili, maana limewachanganya wengi: tukisema "kwenye 6" tunamaanisha namba 6 kama ilivyo usoni, upande wa chini. Hatumaanishi saa sita ya mchana, ambayo mishale yote hukutana juu, kwenye 12.

Uwe na nini mkononi

- Lenzi ya kukuzia mara 10. Bila hiyo usiende. Kamera ya simu husaidia, ila haifiki.
- Tochi ya mwanga mweupe.
- Tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ile ile wanayokagulia noti bandia.
- Kitambaa laini na kijiti cha meno cha mbao.
- Dira ndogo, au programu ya dira kwenye simu.
- Kalamu na karatasi. Namba utakazosoma ni nyingi na zinafanana.
- Fundi saa mwenye kifaa cha kufungulia mfuniko. Usifungue kwa bisibisi ya jikoni.

Tenga nusu saa kwa ukaguzi wa mkono. Kupima kama saa inahifadhi nguvu kunataka siku mbili, kwa hiyo zungumza mapema na muuzaji kuhusu kuirudisha.

Hatua ya 1: Soma mfuniko

Futa jasho na uchafu kwa kitambaa kikavu, ukwangue taratibu kwa kijiti cha meno, kisha usome kwa tochi iliyolazwa pembeni. Utakuta namba za aina mbili.

Ya kwanza ina tarakimu nne, kistari, tarakimu nne, mfano 6309-7040. Nne za mwanzo ni aina ya mashine. Nne za mwisho ni aina ya bodi.

Ya pili ni namba ya toleo. Kwa saa za kuanzia miaka ya 1970 huwa na tarakimu sita (za miaka ya 1960 zina saba). Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, 0 au O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Kwa hiyo 1D4120 ni Desemba ya mwaka unaoishia na 1. Mwaka upi, 1971 au 1981? Hapo ndipo unarudi kwenye namba ya mashine:

- 6119: mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970.
- 7009: katikati ya miaka ya 1970, kisha miaka ya 1980.
- 6309: kuanzia 1976 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980.
- 7S26: kuanzia 1996. Ni mashine nzuri, ila anayekuuzia 7S26 kwa jina la "saa ya miaka ya sabini" anakudanganya au amedanganywa.

Ikiwa ile 1D4120 iko kwenye mfuniko wa 6119, basi ni Desemba 1971, hakuna mjadala. Kwa 6309 inayoanza na 7 inaweza kuwa 1977 au 1987, na utahitaji ushahidi mwingine.

Soma pia maneno ya chuma. STAINLESS STEEL maana yake bodi na mfuniko vyote ni chuma kisichoshika kutu. ST. STEEL BACK maana yake mfuniko peke yake ndio chuma hicho, bodi ni shaba nyeupe au shaba ya kawaida iliyopakwa kromu au dhahabu. Saa ya namna hii, rangi ikiisha imeisha.

*Kosa la kawaida:* kudhani tarehe ya mfuniko ni tarehe ya saa. Mfuniko hubadilishwa kwa dakika moja. Hadi sasa unajua umri wa mfuniko tu.

Hatua ya 2: Soma chini ya uso

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Weka lenzi kwenye ukingo wa chini wa uso, kushoto na kulia kwa 6. Utaona maandishi madogo mno, mara nyingi yakianza na JAPAN, yakifuatiwa na namba: tena tarakimu nne za mashine, kistari, na namba ya uso, pengine na herufi mwishoni.

Nne za mwanzo lazima zilingane na zile za mfuniko. Uso wa 7009 kwenye mfuniko wa 6119 ni saa ya kuungaunga. Nne za mwisho si lazima zilingane, kwa sababu namba ya uso na namba ya bodi ni vitu viwili. Watu wamezikataa saa safi kwa kutojua hilo.

Namba isipokuwepo kabisa, shuku. Ikiwepo lakini herufi zimevimba, zimeungana au zinapanda na kushuka kama mwandiko wa mtoto, uso umechapwa upya. Ila kwanza hakikisha haijafichwa na pete ya ndani ya kioo. Inua saa na uangalie kwa mshazari.

Hatua ya 3: Kagua uso wenyewe

Nyuso zilizopakwa upya zinazotufikia huku nyingi zina asili ya India, na wakusanyaji wa saa wamezibandika jina la Mumbai. Utaziona kwa rangi: chungwa inayowaka, kijani cha kasuku, nyekundu na bluu kwa pamoja, wakati mwingine na duara katikati ambalo Seiko haikuwahi kulichora. Bodi ni halisi, mashine huenda ni halisi, lakini uso ni kazi ya brashi na muhuri. Zilizo afadhali hupakwa rangi za kawaida, nyeusi au fedha, na hizo ndizo za kutazamwa kwa makini.

Angalia haya, moja moja, kwa lenzi:

- Jina SEIKO. Kwenye saa nyingi za umri huu ni herufi za chuma zilizopachikwa, hazikuchapwa. Kingo zake ziwe kali, ziwe zimelala sawasawa, zisielee kwenye gundi.
- Ngao yenye 5, alama ya Seiko 5. Isikae upande. Rangi yake isimwagike nje ya ngao.
- Vistari vya dakika. Kila alama ya saa iliyopachikwa iwe katikati kabisa ya kistari chake. Aliyepaka rangi upya hung'oa alama au huzizunguka, na vistari humkosa kwa nywele moja. Anzia 12, zunguka hadi 11. Usiruke.
- Kingo za dirisha la siku na tarehe. Kiwandani hukatwa safi. Rangi ikiwa imejikunja na kuingia ndani ya dirisha, uso umepakwa baadaye.
- Maandishi AUTOMATIC na idadi ya vito (vijiwe vinavyobeba ncha za magurudumu ndani ya mashine), mfano 17 JEWELS au 21 JEWELS. Iandike idadi hiyo, utaihitaji ukifungua mashine.
- Neno la maji. Saa za Seiko za miaka ya 1960 ziliandikwa PROOF, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 neno likabadilishwa kuwa RESIST. Uso wenye WATER 70 PROOF kwenye saa ambayo mfuniko wake ni wa 1976 umetoka kwenye saa nyingine, au ni mpya wa kuigiza.

Uso halisi wa miaka hamsini haukosi dosari. Madoadoa madogo, rangi iliyofifia upande uliopigwa na jua, alama ya ukungu pembeni: hayo ni umri. Uso mweupe pee, bodi imekwaruzika kama jembe, hapo jiulize vizuri. Viwili hivyo vilizeeka pamoja, kwa nini kimoja kimebaki kijana?

*Onyo:* usimruhusu mtu yeyote, hata fundi, "kuusafisha kidogo" uso kwa kitambaa chenye mate, petroli au dawa ya kioo. Maandishi hutoka kwa mfuto mmoja.

Hatua ya 4: Mishale na mng'aro wa gizani

Mshale wa dakika ufike kwenye vistari vya dakika. Mshale wa saa uguse, au ukaribie, mwanzo wa alama za saa. Mishale mifupi, au mmoja wa dhahabu na mwenzake wa fedha, ni vipuri vya kuokoteza.

Sasa zima taa, au funika saa kwa koti. Imulike kwa tochi ya zambarau kwa sekunde kumi, uizime, uhesabu. Dawa ya kung'aa ya miaka ya 1970 huwaka kidogo chini ya tochi na kufa papo hapo. Ikiendelea kuwaka kama taa ya msikiti kwa dakika kadhaa, ni dawa ya kisasa: ile iitwayo LumiNova ilianza miaka ya 1990. Ama mishale na uso ni vipya, ama mtu amepaka upya. Linganisha pia rangi mchana. Alama za uso zikiwa na rangi ya maziwa yaliyoungua na mishale ni myeupe kama chokaa, havikuzaliwa siku moja.

Neno la pembeni kwa atakayepewa saa ya kale zaidi, ya Uswisi au kwingine, ya kabla ya miaka ya 1960 yenye mng'aro wa kahawia: dawa hiyo yaweza kuwa na radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Usiikwangue, usiifungue sebuleni, na vumbi lake usilivute puani.

Hatua ya 5: Bodi

Adui wa bodi ni gurudumu la polishi. Fundi huona kukwaruzika kama ugonjwa, hivyo huisugua mpaka inang'aa kama kijiko, na kingo alizochonga mtengenezaji zinayeyuka. Shika saa chini ya dirisha uigeuze polepole. Bodi isiyosuguliwa ina mistari mikali pale upande unaong'aa unapokutana na upande wenye mikwaruzo ya makusudi, ile ya kiwandani inayokwenda upande mmoja. Bodi iliyosuguliwa kila kona imekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika, na pembe nne zinazoshika mkanda hazina unene sawa.

Mikwaruzo ya kawaida usiiogope. Ni afadhali mikwaruzo hamsini kuliko polishi moja.

Kwa sisi wa pwani kuna kitu kingine cha kutafuta: vijishimo. Jasho la chumvi likikaa chini ya mfuniko na kwenye viungo vya mkanda, hata chuma kisichoshika kutu hutoboka taratibu. Pitisha ukucha kwenye mzunguko wa mfuniko. Vijishimo vya nje ni vya sura tu. Vikifika pale mpira wa kuzuia maji unapokaa, maji yataingia hata ukiweka mpira mpya, na hakuna fundi wa mtaani wa kukutengenezea hilo.

Hatua ya 6: Kioo na kifundo

Gonga kioo kwa ukucha. Sauti butu ya plastiki ni akriliki, iliyotumika zaidi kwenye saa za mwanzo, na mikwaruzo yake hutoka kwa dawa ya polishi. Sauti ya glasi ni Hardlex, kioo cha Seiko chenyewe, ambacho mikwaruzo yake haitoki kirahisi. Hubadilishwa, na si ghali. Kioo kilichobadilishwa usikihesabu kama dosari kubwa.

Kifundo cha Seiko 5 nyingi kiko kwenye 4, kidogo, kimezama ndani ya bodi kiasi cha kukisumbua kidole. Kikiwa kikubwa na kimechomoza kama chuchu ya baiskeli, kimebadilishwa, na huenda fimbo yake pia. (Baadhi ya Seiko 5 Sports zilikuja na vifundo vikubwa, kwa hiyo tafuta kwanza picha za modeli yako kwa ile namba ya mfuniko.)

Hatua ya 7: Iendeshe

Zungusha kifundo kikiwa ndani bila kukivuta. Kwenye 6119, 7009, 6309 na 7S26 hakuna kitakachotokea, na si ubovu: mashine hizi hazitiwi ufunguo kwa mkono. Itikise saa taratibu kushoto na kulia kwa nusu dakika, kama unayesuuza kikombe. Mshale wa sekunde uanze kwenda.

Utazame. Uteleze kwa hatua ndogo ndogo, sita kila sekunde. Ukiruka mara moja kwa sekunde wakati uso umeandikwa AUTOMATIC, ndani kuna mashine ya betri ya bei chee, na ukaguzi umeishia hapo.

Kisha iweke karibu na maikrofoni ya simu yenye programu ya kupimia saa, uiwekee mapigo 21,600 kwa saa, na pembe (programu huiita "lift angle") ya 53 kwa 7S26 (za zamani huwa karibu na hapo). Ilaze uso juu, upime, uisimamishe wima, upime tena. Soma tatu:

1. Upana wa myumbo, yaani gurudumu linaloyumba ndani ya mashine linafika wapi kila upande. Digrii 220 na kuendelea ikiwa imejaa nguvu, ni nzuri kwa umri wake. Chini ya 200, andaa pesa ya sevisi.
2. Tofauti kwa siku. Kwa 7S26 mpya Seiko wenyewe waliruhusu kuchelewa sekunde 20 hadi kuwahi sekunde 40. Saa ya miaka 45 ikikaa humo, muuzaji ana haki ya kutabasamu.
3. Tofauti ya mapigo mawili, yaani kati ya "tik" na "tok". Chini ya milisekunde 1 ni sawa. Juu ya hapo fundi hurekebisha.

Simu hudanganywa na kelele za mtaani. Pima ndani, mara tatu, uamini zikikubaliana.

Hatua ya 8: Siku na tarehe

Sogeza mishale mbele kwa kifundo hadi tarehe igeuke. Igeuke kwenye 12 au jirani yake, kisha siku ifuate. Gurudumu la siku lina lugha mbili, kwa hiyo siku hubadilika kwa hatua mbili, na katikati ya usiku utaona lugha ya pili. Saa zilizouzwa Ghuba, na hizo tunazo tele, zina Kiarabu na Kiingereza. Ukikuta Kiarabu usidhani ni feki. Ni dalili nzuri ya njia iliyopita.

Sasa jaribu kubadilisha haraka. Kwenye 6309 na 7S26 vuta kifundo hatua moja: upande mmoja hubadilisha tarehe, upande mwingine siku.

*Onyo:* usifanye hivyo mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo meno ya kubadilisha tarehe yameshashikana, na kidole kidogo kinachosukuma gurudumu huvunjika. Hujui saa inadhani ni mchana au usiku? Sogeza mishale hadi tarehe igeuke, hapo ndipo saa sita usiku, endelea mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ndipo ubadilishe.

Hatua ya 9: Ifunguliwe mbele yako

Muuzaji anayekataa saa isifunguliwe na fundi, huku akitaka bei ya "orijino", ameshakujibu. Fundi afungue mezani pasipo na feni inayopuliza.

Namba ya mashine imechorwa kwenye chuma cha mashine, mara nyingi karibu na gurudumu linaloyumba. Ilingane na uso na mfuniko. Idadi ya vito ilingane na uso: 7009 huwa na 17, 6119 nyingi zina 21. Uso wa 17 JEWELS juu ya mashine ya 21 maana yake kimoja ni mgeni.

Ndani ya mfuniko tafuta miduara ya mkwaruzo: rota inayumba na kulima chuma, beringi yake imelika. Vichwa vya skrubu visiwe vimetafunwa. Vikitafunwa, mafundi wasio na zana wamepita humo. Kutu ya kahawia kwenye magurudumu au springi ni sababu ya kutosha ya kuirudisha. Kutu kidogo kwenye skrubu moja, zungumza bei. Mpira wa mfuniko ukikatika kama tambi kavu, usistuke, hubadilishwa. Ila ujue saa hiyo haijazuia maji kwa miaka.

Hatua ya 10: Mkanda, kisha bei

Cheni ya kiwandani ina chapa ya SEIKO kwenye kifungio. Ilaze kwa upande: ikining'inia kama upinde, pini zimelika. Cheni isiyo ya asili haiharibu saa, lakini usiilipie kama ya asili.

Bei ifikirie hivi: chukua bei ya saa kama hiyo iliyo kamili na inayokwenda, ondoa sevisi, ondoa kioo na mipira, ondoa kila kipuri cha kutafutwa. Gharama za sevisi muulize fundi wako kabla ya kukutana na muuzaji. Uso uliopakwa upya usiutoe kama gharama ya kipuri, kwa sababu uso halisi wa modeli hiyo huenda usiupate maisha. Saa ya namna hiyo ni ya kuvaa tu, ilipie kama ya kuvaa.

Ukinunua kwa mtandao, omba picha za mbele, pande nne, mfuniko wenye namba kusomeka, mashine, na video ya sekunde 30 ya mshale wa sekunde. Pia picha moja ya saa juu ya karatasi yenye tarehe ya leo, maana picha za saa za watu husafiri sana.

Ukikutana na haya

*Inakwenda mkononi, ikivuliwa usiku inaacha kwenda ndani ya saa chache.* Ivae siku nzima, uilaze, uhesabu. Ikishindwa kufika saa 30, rota haijazi vizuri (nyenzo zake za kusukuma zimelika) au springi kuu imechoka. Vyote hutengenezeka.

*Inakwenda ikilazwa, inaacha kwenda ikiwekwa wima.* Mafuta yamekauka au matundu ya egemeo yamelika. Sevisi kwanza, mengine baadaye.

*Inawahi dakika nyingi kwa siku.* Isogeze karibu na dira. Sindano ikicheza, imeshika sumaku ya spika au simu. Kifaa cha kutoa sumaku ni cha bei ndogo, na kazi yenyewe ni sekunde chache. Sindano ikitulia, springi nyembamba ya nywele imeshikana kwa mafuta, mpelekee fundi.

*Tarehe hugeuka saa sita mchana.* Si ubovu. Sogeza mishale mbele kwa muda wa saa kumi na mbili, yaani mzunguko mmoja kamili wa mshale wa saa.

*Siku haibadiliki, tarehe inabadilika.* Mtu amebadilisha haraka usiku, kipande kimevunjika. Omba punguzo.

*Kioo kinaingia ukungu.* Ipashe moto kidogo juu ya kikombe kilichofunikwa, kama joto la mwili au zaidi kidogo, kwa dakika kumi, kisha dondosha tone la maji ya kawaida juu ya kioo. Subiri dakika moja, ufute. Ukungu ukionekana ndani, unyevu umeshaingia, ifunguliwe siku hiyo hiyo, hasa wakati wa masika. Na hata usipoonekana, usiogelee nayo. RESIST ya mwaka 1974 ilikuwa ahadi ya mpira wa mwaka 1974.

*Namba zote zinalingana lakini rangi ya uso huioni kwenye picha yoyote ya modeli hiyo.* Rudi hatua ya 3 na lenzi, uanze tena na vistari vya dakika.